Eti Wapolandi walijenga kanisa kwa mawe ya posta iliyobomolewa? Natafuta hoja ya kupeleka kikaoni

KatibuKigango, Malindi:

Salamu wanajamvi. Mimi ni katibu wa kigango kimoja huku nje ya Malindi, upande wa Kakuyuni. Kanisa letu ni mabati juu ya nguzo za mwarobaini, na Pasaka ikifika nusu ya waumini wanasikiliza misa wakiwa chini ya mwembe. Ramani ya kanisa jipya tunayo imekunjwa kabatini. Pesa ndiyo hatuna.

Sasa iko hoteli moja ya ufukweni, sitaitaja, ilifungwa wageni wa Kiitaliano walipoadimika, na mwenyewe anaibomoa ili auze kiwanja kitupu. Msimamizi wa kazi hiyo ni muumini wetu. Anasema tukija na lori tutapata mawe, milango ya mbao ngumu, vigae, boriti na vyuma kwa bei ya kutupa. Nikaona mbingu zimefunguka. Nilipolifikisha kwenye halmashauri ya walei, moto ukawaka. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akasimama akasema nyumba ya Mungu haijengwi kwa masalio ya kilabu, na kwamba kuta zile zimeona mengi. Akina mama walicheka, ila kura nyingi zilimfuata yeye. Mwenyekiti akaahirisha, akataka tulete mfano wa kanisa la maana lililowahi kujengwa kwa njia hiyo.

Katekista wetu ndiye aliyesema aliwahi kusoma kuwa Marekani, mji wa Milwaukee, wahamiaji wa Kipolandi walinunua jengo la posta kule Chicago, wakalipakia kwenye treni, mabehewa 500, tani 200,000, wakajengea kanisa lenye kuba kubwa. Je, ni kweli, au katekista ametia chumvi? Na kama ni kweli, waliwezaje watu maskini kufanya kitu kama hicho? Sitaki nisimame mbele ya yule mzee na kitabu cha hadithi.

MizaniHaidanganyi, Kilifi:

Mabehewa nakubali, tani sikubali. Gawanya mwenyewe: tani 200,000 kwa mabehewa 500 ni tani 400 kila behewa. Behewa la SGR ya leo halifiki hata tani 100, seuze la karne ile. Ama safari zilikuwa nyingi zaidi, ama mtu aliongeza sifuri zikanoga. Huyo mzee wako akiwa na kikokotoo umekwisha. Taja mabehewa, nyamazia tani.

BintiBarani, Milwaukee:

Katibu, kama wewe ni mkubwa wangu shikamoo, kama ni mdogo marahaba. Mimi mtoto wa Barani hapohapo Malindi. Siku hizi niko Milwaukee, kazi yangu kutunza wazee, na kanisa unalouliza ndilo ninalosali. Basilika ya Mtakatifu Josaphat. Mwambie katekista anywe chai yake kwa amani, hajatia chumvi. Hizo tani nakubaliana na mwenzangu wa Kilifi tuziache zilale.

Nitakueleza nikianzia na watu kabla ya mawe, maana bila watu hutaielewa ile kuba. Wapolandi walipokuwa wakimiminika huku mwishoni mwa karne ya 19, nchi yao haikuwako kwenye ramani. Tangu 1795 ilikuwa imekatwa vipande vitatu, Urusi kipande, Prussia kipande, Austria kipande, na haikurudi kuwa nchi mpaka 1918. Sasa mtu anayetoka mahali pasipokuwa na bendera wala serikali yake anabaki na nini? Lugha na kanisa. Ndiyo sababu ukienda Chicago, Buffalo, Detroit au hapa utakuta makanisa yao makubwa kupita kiasi, yamesimama katikati ya vijumba vya vibarua. Parokia moja ya Chicago, Mtakatifu Stanislaus Kostka, ilipofika mwaka 1897 ilikuwa na waumini wapatao 40,000. Parokia moja, siyo jimbo!

Vijumba vyenyewe bado vipo, napita kando yake kila siku nikienda kazini. Mhamiaji alikuwa anajenga kinyumba cha mbao cha chini. Akipata senti mbili tatu, anakiinua chote kwa jeki, anajenga chumba cha matofali chini yake, nusu kimezama ardhini, halafu anapangisha au anamweka ndugu aliyefika majuzi. Bibi mmoja ninayemhudumia alilelewa kwenye chumba kama hicho. Ananiambia dirisha lao lilikuwa linaonyesha viatu vya wapita njia tu, na kwamba baba yake alikuwa akimtambua kila jirani kwa soli. Watu wa namna hiyo ndio waliolipa kuba.

Haya, kuba. Parokia ilianzishwa 1888. Waumini wakazidi, paroko wao Padri Wilhelm Grutza akaona ajenge kubwa. Msanifu alikuwa Erhard Brielmaier, mzaliwa wa Ujerumani, na mpango wa kwanza ulikuwa wa matofali, jambo la kawaida huku. Ramani iko tayari, ndipo habari zikawafikia kwamba Chicago wanabomoa jengo la serikali, Posta na Forodha. Lilijengwa baada ya ule moto mkubwa wa 1871 ulioteketeza mji, likakaa chini ya miaka 20 tu. Kisa? Lilikuwa linazama. Msingi wake ulikuwa mbovu, jengo zito, udongo laini. Mawe yalikuwa mazima kabisa, kosa lilikuwa chini. Padri akanunua mabaki kwa dola 20,000. Mabehewa bapa 500 yakaja nayo Milwaukee, mwendo wa kama kilomita 150 kaskazini.

Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu ndipo kanisa lenu litakapopona au kuumwa. Brielmaier hakuchukua ramani yake ya matofali akalazimisha mawe yaingie. Alirudi mezani akachora upya kwa kufuata kile kilichoshuka kwenye treni. Kila jiwe lilipimwa, ikatafutwa sehemu litakapokaa, ili lisichongwe sana. Nguzo zilizosimamishwa mbele ya posta zikasimamishwa mbele ya kanisa. Wanaume wa parokia, wasio na ufundi wowote, walifanya kazi ya vibarua, kuchimba na kubeba.

Na vitasa, Katibu! Milango ya hapa baadhi ina vitasa vilevile vya Chicago. Vya shaba, vizito, vimejaa mkononi, na vimechorwa nembo ya Hazina ya Marekani. Mwezi wa kwanza ukikishika bila glavu baridi inakung'ata hadi kiwiko. Pale nembo ilipoinuka zaidi imelainika kwa viganja vya watu, ila ukiinama kwenye mwanga bado unaisoma. Hakuna aliyeona haja ya kuifuta. Unafungua nyumba ya Mungu kwa kitasa cha watu wa ushuru, unaingia, unachovya maji ya baraka.

Ndani umbo ni la msalaba, na makutano ya msalaba ndipo kuba imekaa, kwa kuiga ile ya Mtakatifu Petro kule Roma. Kwa nje imefunikwa shaba nyekundu ambayo imegeuka kijani, na kilele kiko kama mita 76 kutoka chini. Ukisimama katikati ukatazama juu shingo inauma kabla hujamaliza. Madirisha ya vioo vya rangi yalitoka Innsbruck, Austria. Kuna michoro ya historia ya Polandi na maandishi ya Kipolandi, ingawa mtaani nje sasa utasikia Kihispania zaidi, majirani zetu wengi ni Wameksiko.

Kanisa lilitabarukiwa 1901, na Padri Grutza akafariki mwaka huohuo. Akaacha deni la kama dola 400,000. Linganisha na ile 20,000 ya mawe. Mawe yalikuwa bei ya chini kweli, lakini kuyapanga, kuyainua, misingi, kuba, vyuma, mafundi, hivyo ndivyo vilivyokula watu. Deni liliwaelemea mpaka 1910 parokia ikakabidhiwa watawa wa shirika la Wafransisko Wakonventuali, nao wakashika usukani wa kulilipa. Mapambo ya ndani ninayokusimulia yalikamilika 1926. Piga hesabu, kanisa limefunguliwa 1901, michoro 1926. Wakati huo wote watoto walibatizwa, wakakua, wakaoana humo kabla kuta hazijavaa rangi. Mwaka 1929 ndipo Papa Pius wa 11 akalipa hadhi ya basilika, la tatu Marekani nzima.

Kwa hiyo ukienda kikaoni usibishane juu ya usafi wa mawe. Bishaneni juu ya deni. Hoteli itawapa mawe kwa bei ya kutupa, halafu kuta zitawaomba simiti, nondo, paa, fundi, na hapo ndipo parokia nyingi zinapozimia. Kanisa lenu liwe dogo kuliko kile mnachotamani, mlifunge lote, kisha mlipambe pole pole. Wazee hawa ninaowalea wanaikumbuka michango ya wazazi wao kwa sauti isiyo ya kujivuna.

SautiYaMsabaha, Malindi:

Dada nimefurahi kusoma, lakini hujamjibu mzee. Posta si kilabu. Posta watu wanatuma barua, hakuna dhambi ndani yake. Hoteli zile tunazijua sisi tuliokulia hapa, na yaliyokuwa yakifanyika mle na watoto wetu wa kike mzee anayajua pia. Sidhani anaongelea mawe.

BintiBarani, Milwaukee:

Ndugu yangu, umesema kweli na nakuheshimu kwa kuisema. Maumivu hayo hayafutwi kwa mfano wa Marekani, na Katibu asijaribu kuyafuta. Ila kwa upande wa jengo, kumbuka lile la Chicago lilikuwa posta na forodha kwa pamoja. Nyumba ya watoza ushuru! Mwambie mzee akumbuke Mathayo aliitwa akiwa amekaa wapi. Na askofu akija kutabaruku anatabaruku kanisa na altare, hasomi historia ya jiwe mojamoja. Tena kama mzee ana uchungu wa watoto, huenda apendezwe zaidi kuona pale palipowaumiza pameng'olewa pakawa mahali pao pa kusali. Muulizeni, msimshinde kwa kura.

MchoraMashua, Mombasa:

Naongeza dogo kuhusu Wapolandi, maana wengi hawajui kuwa walifika kwetu pia. Mwaka 1940 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu maelfu kutoka mashariki ya Polandi hadi Siberia na Kazakhstan. Baadaye walipoachiwa wakapitia Irani, na kutoka huko wengine wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli, wakashushwa bandari kama Mombasa na Dar es Salaam. Wengi wakiwa akina mama na watoto. Waliwekwa kambi za Tengeru karibu na Arusha, na Masindi na Koja huko Uganda. Masindi, pale Nyabyeya kando ya msitu wa Budongo, walijenga kanisa lao wenyewe, na mpaka leo Waganda wanasali humo. Hawakuwa na posta ya kubomoa. Nimelipita nikiwa safarini: ni kanisa la kijiji, kuta nene, miti imelizunguka. Kama mzee anataka mfano wa ukubwa unaowafaa, apelekewe huo badala ya kuba ya Milwaukee. Tengeru makaburi yao yapo, yanatunzwa.

FundiLangoni, Lamu:

Asalaam aleikum. Mimi si Mkristo, ni fundi wa mawe na chokaa hapa Lamu, na kazi ya kurudisha vitu vya nyumba kuukuu kwenye nyumba nyingine ndiyo inayonilisha. Huku mlango wa nakshi unazaliwa Mkomani unazeekea Shela, hakuna anayeona ajabu. Na nyinyi hapo Malindi mnayo nguzo ya Vasco da Gama, msalaba wa juu ni jiwe la Lisbon, mnara unaoubeba ni matumbawe yetu. Kwa hiyo la aibu tuliache, tuseme la kazi.

Bi dada wa Barani ameligusa penyewe: kupima kwanza, kuchora baadaye. Mimi naongeza ya kuchukua na ya kuacha.

Vyuma viache. Hata ukipewa bure viache. Zege la ufukweni limekunywa chumvi miaka yote hiyo, nondo ndani yake zimeanza kufura. Utaziona zina ganda la kutu linalobanduka kama magamba ya samaki. Ukiziweka kwenye linta ya kanisa, zitaendelea kufura humohumo na kupasua ukuta wako. Nondo nunua mpya.

Mawe inategemea hoteli ilijengwa na nini. Kwaruza maungio kwa msumari. Ikiwa ni chokaa, jiwe litatoka safi kwa pigo moja la nyundo na utalitumia tena kama lilivyo. Ikiwa ni simiti ngumu, jiwe letu la matumbawe ni laini kuliko simiti yenyewe, litavunjika kabla maungio hayajaachia, na mtabeba kifusi kwa lori mkidhani mmebeba mawe. Kifusi hicho bado kina kazi, mnaweza kukijaza chini ya sakafu, lakini msikihesabu kama ukuta. Mawe yaliyokuwa chini kabisa karibu na maji msiyachukue, yana chumvi, itatoka nje kama unga mweupe na kubandua plasta yenu kila mwaka.

Boriti za mkoko gonga kwa kitako cha nyundo kutoka ncha hadi ncha. Nzima inalia kavu, mbovu inajibu kwa sauti ya pumba. Ncha zilizokuwa ndani ya ukuta ndizo huoza, utazikata, na hapo boriti inafupika. Na hata mpya haivuki mbali, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba, havizidi kama mita 3 upana. Msitegemee paa la kanisa kwa boriti. Zifae vibaraza, sakristia, ofisi ya paroko. Ukumbi mpigie kenchi za mbao mpya.

Milango ndiyo hazina. Kama ni mbambakofi au mvule, ing'oe na fremu yake nzima, usitenganishe, funga ubao wa mshazari isije ikapinda njiani. Pima kimo na upana, mpe mchoraji wenu, naye aweke matundu ya milango kufuata fremu. Wengi hufanya kinyume: wanajenga tundu, halafu wanaukata mlango wa mvule kwa msumeno ili uingie. Hiyo mimi naiita dhambi, na sizungumzii dini.

MizaniHaidanganyi, Kilifi:

Fundi, kwa hiyo katika hoteli nzima wanaambulia milango na vigae?

FundiLangoni, Lamu:

Milango, vigae, madirisha, boriti za pembeni, na mawe ikiwa ni ya chokaa. Vitu hivyo vina bei, ingia dukani uulize fremu moja ya mbambakofi. Hata hao Wapolandi sidhani walibeba misingi iliyozama.

KatibuKigango, Malindi:

Nawashukuru sana wote. Nimechapisha maelezo ya dada wa Milwaukee na ya fundi, tani nimezifuta kama nilivyoshauriwa. Leo asubuhi nimeenda kumwona mzee nyumbani kwake kabla ya kikao, tukakaa chini ya mkorosho wake. La Mathayo lilimchekesha. La kilabu hakulijibu, alinyamaza muda, halafu akauliza kama ile baa ya kando ya bwawa nayo inabomolewa au inabaki. Nikamwambia yote inakwenda chini. Akasema basi atakuja kushuhudia ikianguka, na kuhusu milango hana neno, ila kaunta ya baa isionekane kanisani hata kipande. Nimekubali.

Nimekwaruza pia maungio kwa msumari. Jengo la mbele, la zamani, ni chokaa, inatoka unga. Vyumba vya nyuma vilivyoongezwa ni simiti tupu. Fundi, unaweza kushuka Malindi utuonyeshe kuchagua? Nauli ya mashua na basi tutakutumia, na utalala kwetu. Mwenye hoteli anasema greda linaingia wiki ijayo.

FundiLangoni, Lamu:

Nitakuja Inshallah. Mwambie huyo msimamizi greda lianzie nyuma kwenye simiti, jengo la mbele lisiguswe mpaka nifike. Vijana watafute patasi bapa na magunia matupu mengi, na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri wa kuandika namba kwenye kila fremu. Chaki haifai, mvua itafuta. Nunueni rangi ya mafuta.